Kichocho kimeonekana, damu bado inatoka: namna ya kufuatilia mpaka ujue

Karatasi ya maabara inasema mayai ya kichocho cha tumbo yameonekana kwenye choo chako. Umepewa dawa, umemeza, umerudi nyumbani, lakini damu bado unaiona kwenye choo. Nakuandikia wewe, hasa kama umevuka miaka arobaini na unaishi au ulikulia kando ya Ziwa Victoria, kwa sababu karatasi hiyo huwa naiandika mimi. Mimi ni mtu wa maabara. Nimefanya kazi kwenye vituo vya afya upande wa Sengerema na visiwani Ukerewe, na sehemu kubwa ya maisha yangu imepita nikiangalia choo cha watu kwenye hadubini. Karatasi hiyo najua inasema nini, na najua vizuri zaidi isichokisema.

Haisemi kwamba damu uliyoiona inatokana na kichocho. Inasema una kichocho, basi. Kwetu huku kukuta mayai kwenye choo cha mvuvi, cha mama anayeanika dagaa au cha mkulima wa mpunga ni kazi ya kila siku. Saratani ya utumbo mpana nayo haimkwepi mtu kwa kuwa ana minyoo. Vyote viwili vinaweza kukaa kwenye tumbo moja, na kwa kuwa kichocho kinaonekana kwa kikopo cha choo wakati saratani inadai kamera inayoingizwa kwa njia ya haja kubwa na kinyama kinachokatwa humo kikapimwe, kinachoonekana kwanza ndicho kinachobebeshwa lawama zote.

Watu huniuliza kama kichocho ndicho kinacholeta saratani yenyewe. Jibu linategemea kichocho kipi. Kile cha mkojo, ambacho mayai yake yana mwiba mkiani, kinasababisha saratani ya kibofu. Hilo halina ubishi, na IARC, shirika la Umoja wa Mataifa la utafiti wa saratani, lilikiweka kwenye kundi la kwanza mwaka 1994. Cha Asia ya Mashariki, ambacho huku hatunacho, kiliwekwa kwenye kundi la vinavyoshukiwa. Hiki chetu cha tumbo, chenye mwiba ubavuni, kiliwekwa kundi la tatu, yaani ushahidi haukutosha kukitia hatiani wala kukiachia. Kwa hiyo usikae ukijilaumu kwamba kuogelea utotoni ndiko kulikokuletea uvimbe. Tatizo kubwa la kichocho kwa mgonjwa wa saratani ni kwamba kinaificha.

Kikopo cha choo

Choo kiwe kibichi. Ukikitoa saa kumi na mbili asubuhi ukakiweka kwenye mfuko wa suruali hadi saa tano, amiba wameshakufa na mimi sitaona kitu. Usikichanganye na mkojo, usikichote chini kwenye udongo, na usiniletee kopo zima. Kiasi cha kidole gumba kinatosha. Kama kuna sehemu yenye damu au makamasi, chota hapo hapo. Watu wengi wanachota sehemu nzuri kwa kuona haya. Mficha uchi hazai, na mimi choo kibaya ndicho ninachokitaka.

Omba kipimo cha kuhesabu mayai, siyo kile cha tone moja la maji ya chumvi tu. Cha kuhesabu tunakandamiza choo kwenye wavu wa nailoni ili makapi yabaki, kinachopenya tunakijaza kwenye tundu la kiplastiki linalobeba miligramu 41.7, kisha tunafunika kwa selofeni iliyolowekwa kwenye gliserini ya kijani. Kila yai linazidishwa kwa 24 ili kupata idadi kwenye gramu moja ya choo. Chini ya 100 ni maambukizi madogo, 100 hadi 399 ya kati, 400 na kuendelea ni makubwa.

Namba hiyo iulize, na iandikwe. Mtu mwenye mayai 48 kwa gramu anayejaza damu chooni kila wiki ana maswali ambayo kichocho peke yake hakiyajibu. Ila usigeuze hesabu hii upande wa pili: mayai 800 hayamsafishi mtu na saratani. Yanasema tu kwamba minyoo ni mingi.

Kuhusu amiba nina neno kidogo. Kuna amiba hatari, na kuna ndugu yake asiye na madhara ambaye kwenye hadubini anafanana naye kabisa. Ukiona umeandikiwa amiba kila unapopima, mwaka mzima, na kila mara unameza metronidazoli, uliza kama aliyepima aliona amiba walio hai wakiwa wamemeza chembe nyekundu za damu. Hao ndio wa kuogopa. Wengine wanaandikwa kwa mazoea. Na amiba halisi nao wana vituko vyao: mara chache hujenga uvimbe ukutani mwa utumbo unaofanana na saratani hata kwa macho ya daktari bingwa, mpaka kinyama kikatwe.

Kile kipimo cha damu iliyojificha kwenye choo, huku kwetu kinachanganya. Minyoo ya safura inanyonya damu utumboni, kichocho kinachubua utumbo, kwa hiyo kikisoma damu ipo hakijakuambia imetoka wapi. Kikisoma hakuna, usitulie kama dalili bado unazo. Na kama damu umeiona kwa macho yako, kipimo hicho hukihitaji, kwa kuwa jibu unalo tayari.

Meza dawa, kisha weka tarehe

Prazikwanteli, yaani dawa ya kichocho, inapimwa kwa uzito, miligramu 40 kwa kila kilo. Kidonge ni miligramu 600, kwa hiyo mtu wa kilo 60 anameza vinne kwa mara moja. Kula kwanza, meza kwa maji mengi, usitafune. Uchungu wake utakukaa mdomoni mpaka jioni. Tumbo kukata, kichefuchefu na kizunguzungu ni kawaida, na mwenye minyoo mingi anaweza hata kuharisha damu kidogo siku hiyo, kwa hiyo usipande boti wala pikipiki kwenda mbali. Kama una mimba, kifafa, au uliwahi kuambiwa una minyoo ya tegu ubongoni, sema kabla hujameza.

Dawa hii inaua minyoo iliyokomaa. Michanga inabaki. Ndiyo sababu, kama ulikuwa majini hivi karibuni, unaweza kuambiwa urudie baada ya wiki nne hadi nane. Tarehe yako ya kurudi ihesabu hivyo: siku unayomeza, fungua kalenda ya simu, weka wiki ya sita. Siku hiyo unarudi kupima choo, na unajibu maswali mawili. Mayai bado yapo? Dalili bado zipo? Majibu hayo yaandikwe kila moja peke yake. Mayai yakiisha na damu ikabaki, kichocho kimeshatoka kwenye orodha ya washtakiwa na safari inaendelea mbele, siyo kurudia prazikwanteli kwa mara nyingine.

Kuna watu ambao wiki sita ni nyingi mno. Usisubiri kama damu imechanganyika na choo chenyewe badala ya kudondoka mwisho. Kama mwenendo wa choo umebadilika kwa wiki kadhaa, ulikuwa unapata kila siku sasa unafunga na kuharisha kwa zamu. Kama unatoka chooni na dakika tano baadaye unajisikia haja tena lakini hakitoki kitu. Kama mkanda umeongezwa tundu bila wewe kupunguza ugali. Kama kuna uvimbe unaoushika tumboni. Kama baba, mama au ndugu wa tumbo moja alipata saratani hii. Dawa ya kichocho meza, lakini barua ya rufaa iombe siku hiyo hiyo.

Damu kupungua mwilini nayo ihesabu humo. Kwa mwanamume, himoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, ikiwa chini ya 13 ni upungufu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya 12. Mama mwenye hedhi nzito ana sababu inayoeleweka. Mzee wa miaka 58 hana hedhi. Akikutwa na 8 akapewa vidonge vya madini ya chuma na dawa ya minyoo, akapanda hadi 10, akashuka tena, kuna mahali anavuja. Uvimbe wa upande wa kulia wa utumbo mpana ndivyo unavyofanya: damu yake inachanganyika mapema, haionekani, mtu anabaki kuchoka tu na moyo kumwenda mbio akipanda kilima.

Na haya si ya kupangia tarehe kabisa: tumbo limejaa, hewa haitoki, choo hakitoki, unatapika. Au unatapika damu, au choo ni cheusi kama lami. Hiyo ni hospitali usiku huo huo. Kichocho cha muda mrefu kinaharibu ini na kuvimbisha mishipa ya koo la chakula, nayo ikipasuka haisubiri boti ya asubuhi.

Kidole kabla ya kamera

Kipimo cha bei nafuu kuliko vyote ni kidole cha daktari kilichovaa glavu. Unalala ubavu wa kushoto, magoti kifuani, inaisha chini ya dakika moja. Uvimbe wa njia ya haja kubwa mara nyingi unafikiwa na kidole, na bado watu wanazunguka vituo bila hata mmoja wao kuombwa ashushe suruali. Wagonjwa wanaona haya, na wahudumu nao wanaona haya, hasa mgonjwa akiwa mzee anayeheshimika kijijini.

Mchuuzi mmoja wa dagaa, mtu mzima mwenye wajukuu, alizunguka hivyo. Kituo kimoja kilimkuta na kichocho, kweli alikuwa nacho. Kwingine wakaandika amiba. Duka la dawa wakamuuzia dawa ya kupaka ya bawasiri, kwa maelezo tu, bila kuona kitu. Aliyemtoa kwenye mzunguko huo alikuwa kijana wa mafunzo kwa vitendo, aliyemwambia, “Babu, samahani, itabidi nikupime kwa kidole.” Babu akasema, “Mjukuu wangu, wenzako wote wamenipima kwa mdomo.” Kidole kilikutana na kitu kigumu, kisicholingana pembezoni, na glavu ikatoka na damu. Kinyama kilipokatwa, ripoti ikarudi na vitu viwili kwa pamoja: saratani, na mayai ya kichocho yaliyozikwa humo humo kwenye nyama. Kwa hiyo kituo cha kwanza hakikukosea kuona. Hakuna aliyeuliza kama kuna kingine.

Wewe usisubiri kuombwa. Sema hivi: “Daktari, nina damu kwenye choo na nimeshatibiwa kichocho. Naomba unipime kwa kidole, na kama hukuti kitu unipe rufaa ya kamera.” Akisema ni bawasiri, mwulize ameiona au ameihisi wapi. Mwanamke anayetaka kupimwa na mwanamke, au muuguzi awepo chumbani, ana haki ya kuomba.

Siku ya kamera

Kutoka zahanati unapitia kituo cha afya, hospitali ya wilaya, ya mkoa, hadi ya kanda. Kwa Kanda ya Ziwa ni Bugando, Mwanza, ambako pia kuna idara ya saratani. Kaskazini kuna KCMC Moshi, na Dar es Salaam kuna Muhimbili na Taasisi ya Saratani Ocean Road. Bima isipokuwepo, ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ndiyo ya kuingia kabla ya dirisha la malipo, ukiwa na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa. Chukua na karatasi zako zote za zamani. Daktari akiona prazikwanteli tarehe fulani, mayai yaliisha tarehe fulani, himoglobini ilishuka hivi, hatakuanzisha upya.

Kamera inaharibikia jikoni. Utumbo ukiwa mchafu daktari haoni, na utaambiwa urudi. Acha vidonge vya madini ya chuma wiki moja kabla, maana vinafanya choo kiwe cheusi na cha kunata. Siku mbili tatu kabla, acha mchicha, maharage, karanga, mapera na kila chenye mbegu. Kula wali mweupe, yai, samaki asiye na miba, mkate mweupe. Siku ya mwisho ni vya maji tu vinavyopitisha mwanga: chai ya rangi, supu iliyochujwa isiyo na mafuta, maji ya glukosi, ORS. Juisi nyekundu ya rozela acha, kwa sababu ndani ya utumbo inaonekana kama damu. Maziwa na uji si vya maji kwa hesabu hii, hata mama mkwe akisema ni vyepesi.

Dawa ya kusafisha inywe yote, kwa saa ulizoandikiwa. Utaenda chooni mpaka uchoke. Unajua umemaliza pale kinachotoka kinapokuwa maji ya njano yasiyo na vipande. Kama bado ni ya kahawia, waambie wahudumu asubuhi kabla hujalazwa kitandani. Mwenye kisukari au anayemeza dawa za kufanya damu iwe nyepesi aulize wiki moja kabla namna ya kupanga dawa zake, asizikate kwa akili yake. Nenda na mtu, kwa sababu dawa ya usingizi inakuacha mlevi kidogo siku nzima.

Ukiamka uliza maneno matatu. Mmefika mwisho, kule utumbo mpana unapoanzia karibu na kidole tumbo? Mmekata kinyama, na kutoka wapi? Majibu nafuata lini na kwa nani? Mara nyingine kichupa cha kinyama anakabidhiwa ndugu akipeleke maabara mwenyewe. Hakikisha jina lako limeandikwa kwenye kichupa chenyewe, siyo kwenye kifuniko, na kwamba kinyama kinaelea kwenye fomalini ya kutosha, angalau mara kumi ya ukubwa wake. Maji ya bomba au ya chumvi yanakiozesha.

Ripoti ikija isome yote. Kuna watu wanaona “mayai ya kichocho” kwenye mstari wa kwanza wanashukuru Mungu na kukunja karatasi. Neno la kutafuta ni adenokasinoma. Likiwepo, hiyo ni saratani, mayai yawepo yasiwepo. Na kama ripoti inasema mayai na uvimbe wa kawaida tu, wakati daktari aliyeshika kamera aliona kitu kibaya, mwulize kama kinyama kirudiwe. Kichocho kweli kinaweza kuota vinyama utumboni visivyo saratani, lakini pia kipande kilichochukuliwa pembeni kinaweza kuukosa uvimbe wenyewe.

Saratani imethibitika: minyoo imalizwe kwanza

Hapa ndipo ningependa madaktari wa saratani wa mbali wanisikilize. Kuna mnyoo mdogo anayeitwa strongiloidesi. Anaingia kwa ngozi ya nyayo kama safura, lakini ana tabia ambayo safura hana: anazaliana ndani ya mtu yule yule, kizazi baada ya kizazi, kwa miongo. Mtu aliyeondoka Ukerewe akiwa kijana akaishi Muscat, London au Minnesota mpaka uzeeni anaweza kuwa naye bado, bila dalili au na mwasho tu wa ngozi unaokuja na kuondoka.

Wagonjwa wengi wa dripu za saratani wanapewa deksamethasoni kuzuia kutapika. Dawa hiyo, kwa mtu mwenye strongiloidesi, inaweza kuifungulia minyoo hiyo lango: viluwiluwi, yaani watoto wake, vinatoboa utumbo kwa wingi, vinaenda mapafuni na kwingineko vikiburuta bakteria wa choo hadi kwenye damu. Wengi wakifika hapo hufa, na nje inaonekana kama saratani au dripu ndiyo iliyowaua.

Kwa hiyo kabla ya dripu ya kwanza sema ulikulia wapi, ulitembea peku, uliogelea ziwani. Omba strongiloidesi atafutwe kwa jina. Kile kipimo changu cha gliserini hakimwoni. Anahitaji choo kibichi kilichowekwa kwenye maji ya uvuguvugu viluwiluwi vitoke, au kipimo cha damu. Ikishindikana kupima, daktari anaweza kuamua kukutibu tu: ivamektini, mikrogramu 200 kwa kilo. Albendazoli ya kampeni za shule, ile ya mara moja, haimmalizi. Mwenye asili ya misitu ya Kongo, kwenye loa, yule mnyoo anayepita machoni, aseme hivyo kabla ya kupewa ivamektini, kwa sababu mwenye loa nyingi kwenye damu inaweza kumdhuru ubongo.

Kichocho nacho kitibiwe wakati huo huo, na ini liangaliwe kwa ultrasaundi. Daktari wa upasuaji anapaswa kujua kama ini limekakamaa kabla hajashika kisu, na daktari wa dripu pia, maana dawa zake nyingi zinapita humo. Kutibu minyoo hakupaswi kusogeza tarehe ya upasuaji kwa miezi. Prazikwanteli ni siku moja.

Nyumbani

Ukirudi ziwani umerudi kwa konokono wale wale wanaobeba kichocho. Maji ya kuoga yakikaa ndooni siku mbili bila konokono ndani, viluwiluwi vya kichocho vinakuwa vimekufa, mwenye haraka ayachemshe. Mchana wa jua kali ndio muda mbaya zaidi wa kuingia majini.

Ndugu zako wa damu wana mambo mawili ya kufanya. Watoto wa shule wanapewa prazikwanteli kwenye kampeni, lakini kaka yako wa miaka 45 hayuko shuleni, kwa hiyo aende kituoni aiombe. La pili ni kamera: kama umegunduliwa na saratani ya utumbo mpana, wadogo zako, kaka zako na wanao waanze kuangaliwa wakiwa na miaka 40, au miaka kumi kabla ya umri uliogunduliwa nao wewe, ule unaotangulia. Uligunduliwa na miaka 44? Mwanao wa kwanza aanze akifika 34. Waandikie umri huo na aina ya saratani kwenye karatasi, wakaibandike kwenye daftari lao la kliniki.